Farasi Aliyenijua kwa Harufu

Farasi jike yule aliletwa na lori kutoka bara, katikati ya masika, yapata mwezi mmoja kabla ya Ramadhani. Alipoteremshwa alimpiga teke utingo wa lori akamvunja mkono. Mzungu mwenye zizi alisimama mvuani na kofia yake, akamtazama akizunguka uani huku kamba ikiburuzika nyuma yake, kisha akatugeukia sisi wafanyakazi wake wawili.

"Farasi hii nimepewa bure," alisema. "Sasa najua kwa nini bure. Wageni wanakuja mwezi wa saba. Kama mtu hawezi panda, mimi napiga bunduki."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa mkulima huko juu kabla ya kuhamia pwani, na nilikwisha kumwona akifanya hivyo kwa farasi mzee aliyevunjika meno. Alipiga risasi moja, akaenda kunywa chai.

Zizi lilikuwa nyuma ya hoteli moja upande wa kwenda Mayungu. Farasi sita waliwabeba wageni mchangani asubuhi na jioni. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikwisha kufanya kazi pale miaka mitatu. Mama alitangulia, kwa uzazi, na mtoto akaenda naye. Baba alimfuata mwaka uliofuata kwa kifua. Siku ya arobaini yake jamaa walikaa kitako Muyeye, chumbani mwetu, kutugawa: mdogo wangu wa kike aende Lamu, wavulana wawili mmoja Mombasa na mmoja kwa shangazi Junju. Nikasema hapana, nitafanya kazi, tutakaa pamoja. Mtoto wa miaka kumi na mitano kusema hapana mbele ya watu wazima ni utovu wa adabu, na mjomba alinikaripia. Lakini kila mmoja wao alikuwa na watoto wake wa kulisha, na nadhani walirudi makwao wakiwa wepesi. Darasa la saba sikulifika.

Mwenzangu wa kazi alikuwa mzee wa Kigiriama kutoka Marafa, aliyejifunza farasi katika mashamba ya Wazungu tangu ujana. Njia yake ilikuwa moja: funga mguu mmoja wa mbele, vuta kamba, mwangushe mchangani, mkalie shingoni mpaka ashushe pumzi. "Akihema namna hii, hhhh, basi, umempata." Wale sita wote aliwapata hivyo.

Siku ya pili alimjaribu yule jike. Akamwangusha, akainuka. Akamwangusha tena, akainuka na kamba. Mara ya tatu alilala kimya, jicho limegeuka jeupe, na mzee akaniambia ona, amekwisha. Alipomfungua, yule farasi alimrukia kwa meno akamng'ata begani.

Nilimpaka mzee mafuta ya nazi na chumvi pale bombani.

"Mwanangu," alisema huku akiguna, "huyu si farasi. Huyu ni chui, wamemvisha kwato."

"Mzee, niachie mimi nimjaribu."

"Wewe? Wewe Mbajuni ukimwona jogoo unapanda kitanda!"

"Niachie tu."

"Na akikuua nikuzike wapi? Nyie mna makaburi yenu, mimi sijui hata mwalaza kichwa upande gani."

"Mdogo wangu atakuonyesha."

Akacheka mpaka bega likamuuma. Kisha akasema, "Haya. Ila usiingie na kamba. Akiona kamba tena atakuua kweli."

Sikumpenda farasi yule. Niseme kweli, alikuwa na sura mbaya, mbavu nje, na kovu lililokwenda kutoka sikioni mpaka puani. Ila katika miaka minne nilikuwa nimeona sana vitambaa vya kuoshea maiti, na sikutaka kitu kingine kife karibu nami kama kulikuwa na njia ya kukizuia. Ni hilo tu.

Sikuwa na mwalimu. Niliwatazama farasi wenyewe. Kulikuwa na jike mzee zizini aliyewatawala wenzake, na nilimwona jinsi anavyomfukuza mgeni. Alilaza masikio, akamkazia macho, akamwendea kifua mbele. Mgeni akikimbia, anamfuata. Lakini mgeni akigeuza sikio moja kwake, akishusha kichwa kidogo tu, yule jike mzee papo hapo aligeuka pembeni akaanza kula majani, kama kwamba hapakuwa na ugomvi. Niliona kwamba ukali wake haukuwa kitu. Kitu kilikuwa ule wepesi wa kuacha.

Basi niliingia uani mikono mitupu. Nilimwendea yule jike mpya hatua, hatua, mpaka sikio lake likasimama. Hapo nikasita, nikamgeuzia mgongo, nikarudi. Siku ya kwanza mpaka huo ulikuwa mbali kama urefu wa minazi miwili. Nilirudia tangu adhuhuri mpaka alasiri, na mzee akiwa nje ya ua akitafuna tumbaku na kuniuliza kama nimepoteza kitu mchangani.

Ramadhani ilipoingia kazi ilikwenda vizuri zaidi, na sababu naijua. Mwenye saumu hana nguvu za kuharakisha. Nilichukua tandiko lililochanika, sindano na nta, nikakaa chini katikati ya ua, nikashona nikiwa nimempa mgongo. Nilishona siku tisa. Siku ya kumi nilisikia mchanga ukisagika nyuma yangu, nikaendelea kushona. Kisha pumzi yake ikanifikia shingoni, moto, yenye harufu ya majani. Alininusa kisogo, akaninusa bega, akashuka mpaka kwapani na kukaa hapo muda mrefu akivuta na kutoa. Sindano ilikuwa imeniingia kidoleni na sikuthubutu kuichomoa.

Tangu siku hiyo alinitafuta kwa pua kabla ya kunitafuta kwa macho. Nikija kwa upande wa upepo aliniitikia kabla sijatokea penye ua. Nikija kinyume cha upepo alitetemeka ngozi mpaka nimfikie na anuse kifua changu, ndipo atulie. Kwa hiyo niliamua kuvaa shati moja tu kazini, la kaki, na sikulifua kwa sabuni.

"Kaka," mdogo wangu wa kike alinilalamikia, "shati hilo siku moja litakwenda kazini lenyewe. Jirani ameniuliza tumenunua punda?"

"Mwambie ndiyo."

"Nimemwambia punda ni wewe."

Alikuwa na miaka kumi na minne, na yeye ndiye aliyepika na kuwafulia wale wadogo. Wiki ya tatu ya mfungo nilimvisha yule jike hatamu, bila lijamu ya chuma mdomoni, na kamba ikawa inaning'inia tu kati yetu. Nikienda alikwenda, nikisimama alisimama. Wiki ya nne nilimlalia mgongoni kama gunia, nikashuka, nikalala tena. Siku ya mwezi ishirini na saba nilimpanda mpaka ufukoni na kurudi, kwa mwendo wa polepole, na mzee akitembea mbele yetu kwa mbali, mikono nyuma, kama bwana harusi anayesindikizwa. Mzungu alikuwa kibarazani. Alituangalia tukipita, akasema, "Mwezi wa saba atabeba mtoto mdogo kwanza." Maana yake ilikuwa kwamba ataishi.

Idd ile ilikuwa ya kwanza kuisherehekea sawasawa tangu baba afariki. Mdogo wangu alitoa kanzu ya baba sandukuni, akaikunjua, akaifua kwa maji ya mvua. Usiku alichukua chetezo cha mama, akatia udi aliouweka sijui tangu lini, akafunika kwa tenga na kuitandaza kanzu juu yake mpaka moshi ukaingia kila uzi. Asubuhi alinivika mwenyewe. Alinipaka mafuta ya halwaridi nyuma ya masikio. "Leo ukinuka farasi," alisema, "sitakupa mkono wa Idd."

Mzee alikuwa ameniambia, kasali, kakae na wadogo zako, farasi nitawanywesha mimi. Ningemsikiliza. Lakini baada ya sala nilijiona mtu mbele ya watu, nimevaa kanzu ya baba na imenienea, na nikataka kupita zizini kidogo. Nilikuwa na tende tatu mfukoni za kumpa. Nilitaka, nadhani, kujionyesha kwa yule jike, kiumbe pekee ambaye hakuwahi kunihurumia.

Kusi ilikuwa ikivuma na mimi nilitokea upande wa upepo. Nilifungua lango nikaingia, kanzu ikijaa upepo. Aliinua kichwa. Nilimwita, akapeleka masikio mbele kwa sauti yangu, kisha harufu ikamfikia. Sijui alinusa nini. Huenda ni moshi, kama aliwahi kuona moto huko alikotoka. Huenda ni kwamba sauti ilikuwa yangu na mwili ulikuwa wa mtu mwingine. Nilimwendea badala ya kusita. Mambo yote niliyojifunza kwa wiki nane, siku ile niliyaacha langoni, kwa sababu nilidhani ananijua mimi.

Aligeuka, akakimbia na upepo moja kwa moja mpaka pembeni ambapo Mzungu alikuwa ameziba ua kwa seng'enge. Niliisikia ikikatika waya baada ya waya. Mguu wake wa mbele wa kushoto ulinasa. Alivuta, na kila alivyovuta ilizidi kuingia.

Mzee alifika mbio. Jike akamtishia kwa meno, mzee akarudi nyuma. Mimi nikakaribia, akatupa mwili wote hewani. Ndipo nilipofahamu. Nikaivua kanzu na fulana, nikazitupa chini, nikajisugua mchanga na samadi kifuani, shingoni, nyuma ya masikio, nikamwendea mgongo mbele, na kikoi tu kiunoni. Alininusa. Akasimama. Alisimama akitetemeka huku mzee akinipitishia koleo na mimi nikikata waya mmoja mmoja ndani ya nyama, na hakunyanyua hata kwato.

"Mzee," nilisema, "ni kanzu."

"Si kanzu," alisema. "Umemjia umembeba mtu mwingine."

Daktari wa mifugo alikuja kutoka mjini siku iliyofuata. Aliubonyeza mguu, akasema mshipa wa nyuma umekatika, mtu angeweza kuchechemea nao lakini farasi hawezi. Mzungu alinipa siku kumi, nadhani kwa kunionea haya. Nilimwosha jeraha kwa maji ya bahari yaliyochemshwa, asubuhi na jioni. Nilifunga na kufungua. Aliniachia mguu kama mtu anayempa mwenzake mkono. Siku ya sita ulianza kunuka. Siku ya nane funza walikuwa ndani na kwato ilikuwa imelegea, ikijikunja nyuma kila alipojaribu kuikanyaga.

Nyumbani sikusema lolote. Kanzu niliikunja nikairudisha sandukuni, na mdogo wangu alipoliona doa la samadi alinitukana vizuri, nami nikaenda kuteka maji. Ningejitetea angeuliza limetoka wapi, na mwisho wa kujibu ungekuwa ule udi aliouchoma yeye.

Siku ya kumi tulichimba shimo, mzee na mimi, nyuma ya mikorosho. Mchanga ulikuwa mwepesi lakini farasi ni mkubwa. Tulipomaliza Mzungu alikuja na bunduki, akauliza nani atamleta.

"Mimi," alisema mzee. "Nitamfunga kamba. Wewe mwanangu nenda kwa wadogo zako."

Nilijua itakavyokuwa. Hatamfikia. Atamrushia kitanzi, atamwangusha kwa miguu mitatu, na jike atakufa amelala jicho jeupe kama siku ile ya pili. Yule farasi hakuwa na mtu mwingine wa kumleta pale bila hofu ila mimi, na mimi ndiye niliyemfanya hivyo.

Nikavaa shati langu la kaki. Nikasimama upande wa upepo penye mikorosho, nikamwita mara moja. Alitoka zizini akirukaruka kwa miguu mitatu, akapumzika, akaja tena, akapumzika. Ilichukua muda mrefu. Mzungu alishusha bunduki na kutazama chini. Sikumwendea. Nilimwachia aje mwenyewe, kama nilivyomfunza, na alipofika aliweka paji la uso kifuani pangu akavuta pumzi, nami nikaishika kamba iliyoning'inia kwenye hatamu yake.

"Shika kamba lakini usiizungushe mkononi," mzee aliniambia kwa sauti ndogo. "Akianguka iachie."

Mzungu alikuja kwa ubavu. Nilikuwa namkuna yule jike nyuma ya sikio lile lenye kovu, na alikuwa ameshusha mdomo wa chini.

Sikuiachia kamba. Alipoanguka alikwenda nayo na bega langu la kulia likatoka mahali pake. Mzee alilirudisha palepale, amekanyaga ubavu wangu kwa mguu, huku akinitusi kwa Kigiriama na machozi yakimtoka. Halinyanyuki vizuri hata leo.

Nyumbani mdogo wangu alinifunga mkono kwa kanga yake. Akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia nimeteleza.