Aliyemwita Mama Kabula

Usicheke kwanza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwetu Ushirombo, na mama yangu yupo hai wa kumuuliza.

Nauza vifaa vya wachimbaji Bugarama: makoleo, kamba, tochi. Oda zinaingia kwa simu, na makundi ya wasapu hayalali. Ilifika mahali nikawa naota milio ya meseji. Basi simu nikamwachia mdogo wangu Nyahanga. "Jibu wewe," nikamwambia, nikaenda kupumzika kwa mama.

Mwanzoni mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe. Kisha ukatulia. Alasiri moja mama alikuwa kwenye sala za jumuiya, nami nimekaa uani nakata viazi vitamu vya kuanika viwe michembe. Akaingia bibi mmoja, kitenge kimefifia, hana viatu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akavuta kigoda, akachukua kisu kingine, tukawa tunakata wote. Nilidhani ni jirani.

"Leo umeniona," akasema.

"Kwani uliwahi kuja, bibi?"

"Kila ukija nakuja. Huwa umeinamia kile kimwanga chako, nami sipendi kusumbua."

Niamini, sikuogopa. Nani angeogopa sauti ya upole vile? Tukaendelea kukata. Halafu akasema taratibu, "Kabula haoni jicho la kushoto. Anakuficha usihangaike. Mpeleke."

Nikageuka kufukuza kuku waliokuwa wanadonoa viazi. Niliporudisha uso, kigoda kitupu. Vipande alivyokata vilikuwepo, vyembamba kuliko vyangu.

Mama aliporudi nikamuuliza Kabula ni nani. Akakaa chini.

"Marehemu mama yangu ndiye alikuwa ananiita hivyo, tukiwa wawili tu. Umelitoa wapi hilo jina?"

Nilimziba jicho la kulia kwa kiganja, nikanyoosha vidole mbele yake. "Vingapi, mama?"

Akalia, nami nikalia.

Daktari wa Kahama alisema ni presha ya macho. La kushoto lilishakwenda, la kulia tumeliwahi. Mpaka leo anatia dawa ya matone, na nikija ananitambua nikiwa bado barabarani.

Simu niliirudia, biashara ni biashara, ila Ushirombo siendi nayo. Bibi sijamwona tena. Lakini kuna alasiri mama hukatisha maneno, akatabasamu kuelekea upande ule asioona.

Nawe, ukienda kwenu, inua uso. Huenda kuna mtu amekaa karibu yako, anasubiri umalize.