Kimanga Kilichovunja Jino Siku ya Krismasi

Nianze na aibu yenyewe, halafu tupumue pamoja. Siku ya Krismasi, pale Voi, mbele ya kanisa zima, nilimvunja mama mmoja jino kwa haragwe. Na si mama yeyote tu. Ni yule niliyekuwa namwomba Mungu kila siku awe mama mkwe wangu. Tena jino si ndiyo aibu kubwa. Aibu kubwa ni kwamba nilijua maharagwe ni magumu, na bado nikamwangalia usoni nikasema, "Tamu!"

Haya, nimesema. Sasa nirudi nyuma.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi kijana wa Ronge, nimeteremka Voi kutafuta kazi. Shule niliiacha darasa la nne. Au niseme iliniacha yenyewe, maana mwalimu alisema hesabu naweza, lakini mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye majivu. Reli hawakuuliza mwandiko. Waliuliza mabega. Wakaniweka kwenye karakana ya injini, kazi ya kuosha boila. Injini ikishapoa, tunafungua tumbo lake, tunaingiza mpira wa maji na vyuma virefu, tunakwangua magamba meupe yaliyoganda ndani. Magamba yale ni chumvi na chokaa, yanaachwa na maji yakichemka. Maji ya kule chini ni mazito, yanaziba hata bomba la chuma. Miaka miwili nilikwangua magamba hayo kila wiki. Liweke hilo kichwani mwako, kwa sababu mimi sikuliweka kwangu.

Msichana nilimpata kwenye ndizi. Alikuwa akishuka na mama yake kutoka milimani siku za soko, wanapanga ndizi na mboga karibu na stesheni. Mimi nikawa mteja. Nilinunua ndizi asubuhi, nikanunua mchana, mpaka rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, Mkamba mmoja mwenye maneno, akaniuliza, "Wewe Mtaita, unaoa au unafuga nyani?"

Baada ya miezi ya ndizi, msichana akaniambia mambo yalivyo. Baba yake alikuwa amesema mama akikubali, yeye amekubali. Na mama alikuwa na shaka. Alisema, "Mtu wa reli hana shamba hapa, hana jiko, anakula mkate wa dukani na chai. Mwanangu atakula magurudumu?"

"Sasa anataka nini?" nikamuuliza.

"Krismasi tunashuka, tutasali huku kwa mjomba. Amesikia kila mtu ataleta chakula. Anataka kuona wewe utaleta nini. Akikipenda, utaitwa nyumbani useme neno lako. Asipokipenda, amesema usijisumbue kupanda mlima."

Kweli, kanisa letu lilikuwa na utaratibu huo. Wengi wetu tulikuwa watu wa kuja, wake zetu na mama zetu wako mbali, kwa hiyo Krismasi hakuna nyumba iliyoweza kulisha watu wote. Kila mtu analeta sufuria yake ya kwao. Jumapili moja kabla, mzee wa kanisa alisimama akauliza nani analeta nini. Mke wa karani akasema chapati. Rafiki yangu akasema isyo, yale mahindi na maharagwe ya Kikamba. Fundi mmoja wa kutoka Kisumu akasema samaki mkavu. Mimi, kwa sababu mdomo wangu haujawahi kungoja akili, nikasimama wima.

"Mimi naleta kimanga. Kimanga cha Kitaita chenyewe, kile cha kumfanya mtu asahau jina lake."

Watu wakapiga makofi. Msichana hakuwepo, lakini nilijua habari zitapanda mlima kabla yangu.

Kimanga nilikuwa nimekila maisha yangu yote. Kukipika ni jambo lingine. Nilichojua ni kile nilichoona jikoni kwa mama: unachemsha maharagwe mpaka yaive, unatia muhogo, vikiiva pamoja unaponda na mwiko mpaka vishikane. Kitu gani hapo? Kwetu Ronge mama alikuwa anateleka maharagwe, anaenda kuchuma mboga, akirudi yameshalainika. Nikapiga hesabu yangu ya darasa la nne: saa mbili, mwisho saa tatu.

Asubuhi ya Krismasi nikaamka mapema, nikachota maji kwenye kisima cha nyuma ya landhi, nikateleka. Rafiki yangu isyo yake ilikuwa imelowekwa tangu jana. Akanitazama.

"Hukuloweka?"

"Kwetu hatuloweki."

"Basi tia magadi kidogo. Maji haya ni ya chumvi, ndugu yangu, hayaivishi maharagwe."

"Magadi ni ya ng'ombe," nikamwambia. "Mimi napika chakula cha posa."

Akacheka, akaendelea na jiko lake. Mwanamume Mkamba anayejua kupika, na mimi Mtaita ninayejua kucheka.

Saa tatu zikapita. Nikalibonyeza haragwe moja, likaruka likagonga ukuta. Nikaongeza kuni. Nikaongeza maji, yale yale ya kisima. Kengele ya kanisa ikalia. Nikasema moyoni, muhogo utasaidia. Nikatia muhogo. Na muhogo ulikuwa mzuri, sina lawama nao, uliiva ukawa laini kama siagi. Nikaponda. Maharagwe yakakataa kupondeka, lakini yakazama ndani ya ule muhogo mweupe, yakafunikwa vizuri, kama kokoto kwenye matope. Kwa macho, kilikuwa kimanga cha kupigwa picha.

Baada ya ibada tukatoa mabenchi nje, tukapanga sufuria juu ya meza mbili ndefu. Hata jirani yetu Mswahili, Mwislamu wa kule madukani, alileta sinia la mahamri, akasema, "Sikukuu ni yenu, lakini njaa ni ya kila mtu." Chai ilikuwa ndani ya debe, maziwa yamejaa.

Sasa, pale kwetu kulikuwa na desturi moja. Mtu akileta chakula, yeye mwenyewe anaonja kwanza mbele ya watu. Ni ya zamani, ya kuonyesha kwamba hakuna ubaya ndani ya chungu. Mzee wa kanisa alisema sisi ni Wakristo, hatuogopi sumu, lakini heshima ni heshima. Kila mtu akaonja chake. Zamu yangu ikafika. Mama yake msichana alikuwa amesimama mbele yangu na sahani mkononi, leso mpya begani, msichana nyuma yake anaangalia chini.

Nikachota kijiko. Nikaweka mdomoni. Ulimi ukahesabu maharagwe manne, kila moja kama risasi. Nikafikiri haraka, na hiyo ndiyo hatari yangu, kufikiri haraka. Nikayameza mazima, moja baada ya jingine, kama vidonge vya kwinini.

"Mh! Tamu!" nikasema.

Rafiki yangu, aliyekuwa kando yangu, akanong'ona, "Mbona hutafuni?"

Nikamkanyaga mguu.

Mama akapakua kijiko kizima, akatia mdomoni kwa imani. Nilisikia mlio. Kah! Hata walio kwenye debe la chai walisikia. Mama akashika shavu, akageuka pembeni, akatema kwenye kiganja. Akaviangalia vitu viwili vilivyokuwa pale, kisha akaninyooshea kiganja.

"Kijana," akasema pole pole, "hapa kuna jino na haragwe. Jino ni langu. Haragwe ni lako. Nisaidie kutenganisha, maana ugumu wake ni mmoja."

Watu walicheka mpaka mzee wa kanisa akaegemea meza. Mimi nikacheka pia, ile ya kutafuta mlango. Stesheni ilikuwa karibu, na miguu yangu ilishaanza safari. Ningesema tu maharagwe ya dukani yalikuwa ya zamani, nikaenda zangu, na kesho nikanunue maembe badala ya ndizi.

Lakini msichana aliinua macho. Hakucheka. Alinitazama kama mtu anayengoja kuona nitaanguka upande gani. Nikarudi.

"Mama, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni magumu. Nilipoonja sikutafuna. Nilimeza."

Kicheko kikafa. Kuleta chakula kibaya ni bahati mbaya. Kuonja kwa uongo ni kuharibu ile desturi yenyewe.

"Ulidanganya mbele ya watu na mbele ya Mungu?"

"Na mbele yako, mama. Wewe ndiye niliyekuogopa zaidi."

Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mama hakukohoa. Alitia lile jino ndani ya pindo la leso, akafunga fundo.

"Ulipikia maji ya wapi?"

"Ya kisimani."

"Na kazi yako ni nini pale reli?"

"Kukwangua chumvi kwenye boila."

"Inatoka wapi hiyo chumvi?"

"Kwenye maji," nikajibu, na macho yangu yakaenda kwenye sufuria. Rafiki yangu akatazama mbinguni kama anayeomba subira.

"Beba sufuria yako," mama akasema. "Twende."

Nilidhani ananifukuza. Kumbe alinipeleka nyuma ya kanisa, pale pipa lilipokuwa likipokea maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Vuli ilikuwa nzuri mwaka ule, pipa limejaa. Akakalia kigogo, akasukutua mdomo kwa maji ya chumvi, akaniamuru nitoe maharagwe yote ndani ya ule muhogo. Moja moja. Kwa vidole. Yaoshe. Teleka upya, na maji ya mvua.

Nilitoa maharagwe kwenye muhogo Krismasi nzima. Wenzangu wanakula mbuzi na chapati, mimi nimechuchumaa, moshi machoni. Wanawake walikuwa wanapita makusudi.

"Mwoneni bwana reli! Leo injini inawasha moto yenyewe!"

"Puliza, baba, puliza! Usiache treni ichelewe!"

"Mwacheni," mama akawajibu, shavu limevimba. "Bado anapanda kilima."

Na pale motoni akaniuliza maswali yote ambayo nilikuwa nimejiandaa kuyajibu nikiwa nimevaa koti, si nikiwa na masizi puani. Kwa nini niliacha shule. Nikamwambia mwandiko, halafu nikamwambia ile kweli: baba alifariki, wadogo zangu walikuwa watatu, na mtu mmoja ilibidi ateremke. Akasogeza ukuni.

"Na nikikupa mwanangu, nani atapika?"

"Yeye."

"Na wewe?"

"Mimi nitachota maji, mama."

"Maji gani?"

"Ya mvua."

Hapo akacheka, akashika shavu, akasema, "Usinichekeshe, mbaya wewe, naumia." Kisha, kama anayeongea na moto, akaongeza kwamba jino lile lilikuwa linamsumbua tangu wakati wa mavuno, na mganga wa zahanati angemtoza kulitoa. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au alinihurumia. Nilimshukuru kwa vyote viwili.

Jua lilipoanza kushuka, nikalibonyeza haragwe moja. Likapondeka. Nikaruka kama nimepandishwa cheo. Mama akatoa viazi vitamu kwenye kikapu chake, alivyokuwa amemletea kaka yake, akanipa nimenye viwe badala ya ule muhogo. Nikatia, vilipoiva nikaponda mpaka mkono ukafa ganzi. Safari hii, kabla ya mtu yeyote, mama akanipa kijiko mimi, mbele ya wote waliobaki.

"Onja. Na nikuone taya."

Nikatafuna mpaka msichana akaficha uso kwenye leso yake. Mama akala kwa upande mmoja wa mdomo, sahani ya kwanza, halafu ya pili. Mzee wa kanisa akaja na kibakuli. Jirani Mswahili akaomba cha kupelekea watoto. Sufuria ikabaki nyeupe.

Wakati wa kuondoka mama alifunga kikapu chake, akanipa mkono. "Mwezi wa kwanza," akasema, "njoo na wazee wako. Usije na chakula. Tutakupikia sisi."

Nikabaki nimesimama pale, sufuria mkononi, mpaka walipopotea nyuma ya maduka. Msichana aligeuka mara moja tu, lakini aligeuka vizuri ile mara.

Rafiki yangu alikuwa ananingoja kwenye kona ya landhi, ameshika mfupa wa mbuzi alioniwekea. Nikamweleza kila neno. Alitafakari huku akinitazama masizi kuanzia nywele hadi kwenye viatu.

"Basi kesho asubuhi nenda kaombe ruhusa ya mwezi wa kwanza," akasema, "mnyapara bado ana Krismasi kichwani, atakubali chochote. Na jina langu liandike kati ya wazee wako. Mtu kama wewe hawezi kuachiwa aongee peke yake."