Kiganja cha Mpishi

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa Tabora kwa sababu nauli iliishia hapo. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, na mji ukishanizoea nauhama. Nilipata kazi ya kuchota maji na kupasua kuni katika hoteli ya ushirika karibu na stesheni. Dereva wa lori aliyekula pale akakubali niwe utingo wake. Tungeondoka Jumamosi alfajiri kwenda Mwanza, mji ambao sikuwa nimeuona.

Jumatano mpishi wetu, mzee wa Kinyamwezi, alikuja kazini anaharisha, macho yameingia ndani. Nikamwambia arudi nyumbani.

"Nirudi waniite kupe, mnyonya jasho la wenzake?" akasema. "Mkutano mzima wa ushirika ujadili tumbo langu?"

Akapika. Mchuzi huonjwa kwa kuudondosha kiganjani, lakini siku ile hata harufu yake ilimshinda. Akadondosha kiganjani mwake, akaninyooshea mkono.

"Onja, Mzaramo. Chumvi imekolea?"

Nikalamba. Ilikuwa imekolea. Akajifuta kwenye aproni, akarudi kukanda unga wa chapati.

Kufikia Ijumaa wateja wengi walikuwa wanatapika, na wenzangu wawili wa jikoni pia. Bwana afya akaja, akafunga mlango wa mbele, akasema sote tutakaa uani. Mtu atatoka tumbo lake likitulia. Nikamweleza kuwa mimi ni wa kuni tu, chakula sishiki, na kesho nina safari. Alianza kunielewa. Ndipo mpishi akainua kichwa kutoka mkekani.

"Huyo mtani wangu? Kalamba kiganja changu kama mbuzi aliyeona chumvi."

Wakacheka hata walioshika matumbo. Bwana afya hakucheka. Akanionyesha mkeka.

Alfajiri lori lilipiga honi nje. Nikamsikia dereva akimuuliza mlinzi, "Anaumwa?"

"Bado."

"Basi nani ataniwekea kigingi cha gurudumu mlimani?"

Hakungoja jibu. Nilisikiliza gia mpaka zikapotea.

Baada ya hapo nililala nikilisikiliza tumbo langu, nikitamani liume, angalau nifungiwe kwa haki. Halikuuma. Mpishi akapona, akaruhusiwa. Wale wawili nao wakaruhusiwa. Nilipouliza zamu yangu, bwana afya alisema nisubiri, kwa kuwa tumbo langu lilikuwa bado halijaanza.