Jiwe la Oksijeni Kwenye Foleni

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya sabuni, duka la ushirika hapa Babati. Mnajua utaratibu wetu: unaweka jiwe mahali pako, kisha unakaa kivulini. Mwalimu mmoja wa kemia, naye akingoja sabuni, alimwona binti, mwanafunzi wake, akikuna kichwa juu ya daftari, akaokota mawe manne ya foleni: madogo mawili haidrojeni, makubwa mawili oksijeni, maana chembe zake hutembea mbili mbili.

"Tengeneza maji. Yanataka madogo mawili na kubwa moja."

Binti akapanga. Likabaki kubwa moja, akalitupa pembeni.

"Wee!" mama mmoja akaruka kutoka kivulini. "Hilo ni mimi! Niko hapo tangu alfajiri!"

Mwalimu akacheka hadi akashika kiuno. "Umesikia? Kilichoingia hakitupwi. Kitafutie wenzake."

Binti akafikiri, akaongeza madogo mawili. Maji yakatoka mara mbili, na hakuna jiwe lililobaki. Uso ukamng'aa.

Akalibeba lile kubwa kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Nakurudisha mahali pako."

"Marahaba, mwanangu. Nisogeze mbele kidogo."

Sabuni iliisha kabla ya zamu yangu. Sikununa. Nchi inayofundishana kwa mawe ya foleni itatakata tu.