Rozari ya Verlyn Gappa

Verlyn Gappa hakuwahi kuisali rozari ya kanisani akaimaliza, lakini alikuwa na rozari yake mwenyewe, na hiyo aliisali kwa bidii kila wiki ya mchezo wa besiboli. Aliisali ndani ya lori la maziwa, vioo vimepandishwa, akizunguka kutoka zizi moja hadi jingine. Kila punje ilikuwa jina la mpigaji wa timu pinzani, na kila jina lilifuatwa na dhambi zake. Huyu mvivu, ng'ombe wake wanalala kwenye mavi. Huyu anamdanganya mama yake mzazi. Huyu gongo lake la kupigia mpira lina thamani kuliko kichwa chake. Siku ya mchezo ikifika, alipanda kichuguu cha mrushaji mpira, katikati ya uwanja, akiwa amekwisha kuwadharau wote tisa, na hakuna hata mmoja aliyestahili kuugusa mpira wake.

Mkewe, Renae, ndiye aliyeiita rozari. "Waume wa wenzangu hunyoosha misuli," aliniambia. "Wangu hunyoosha ulimi."

Dharau ile ilikuwa sehemu ya kazi. Verlyn alikuwa ameshavuka miaka arobaini, bega lake likilia kama bawaba isiyo na mafuta, na kasi ilishamkimbia zamani. Silaha iliyobaki ilikuwa mpira wa kupinda: unatoka mkononi kana kwamba hauna haraka ya kufika popote, kisha mbele ya mpigaji unadondoka, naye anapiga hewa. Mpira wa namna hiyo haurushwi na mtu mwenye shaka. Ukisita kidogo tu haupindi, unaelea pale mnono kama boga, na kijana mwenye misuli anaupeleka kwenye mahindi nyuma ya uzio. Ili uthubutu kumrushia kijana kama huyo mpira wa polepole, lazima uamini kwa moyo wako wote kwamba ni mjinga. Mimi nilikuwa mdakaji wake katika timu ya mji wetu, Wendel, nikichuchumaa nyuma ya mpigaji kila Jumapili, na niliiona imani hiyo usoni mwake kabla ya kila mpira.

Wajinga wakubwa kuliko wote, kwa maoni yake, walikuwa watu wa Marienfeld, na mji wetu mzima ulikubaliana naye. Marienfeld iko ng'ambo ya ziwa. Padre wetu ni mmoja, kiwanda tunachopeleka maziwa ni kimoja, makaburini majina ni yaleyale. Lakini enzi za babu zetu, inasemekana, watu wa Marienfeld walimwagia maji njia ya kukimbilia kabla ya mchezo ili wakimbiaji wetu wateleze, na Wendel haijasamehe mpaka leo. Wendel haina daktari wa meno. Shule imefungwa na watoto wanasombwa kwa basi kwenda mbali. Hakuna aliyewahi kuitisha mkutano kwa ajili ya meno wala shule. Ila paka mlango wako rangi nyekundu, rangi ya jezi za Marienfeld, uone kama watu hawatakuuliza baada ya misa iwapo nyumbani kuna amani.

Kila mwaka Marienfeld ilitutoa kabla hatujafika mashindano ya jimbo. Verlyn alianza kurusha mpira akiwa hana hata ndevu, na hakuwahi kurusha hata mmoja katika mashindano hayo. Mwaka huu walitutoa tena, kwa tofauti ya mbio moja, yaani alama moja tu, na daktari alikwisha kumwambia kwamba bega lile halitafika msimu mwingine.

Sasa, ligi yetu ina desturi moja: timu inayokwenda jimboni inaruhusiwa kuazima warushaji kutoka timu zilizotolewa. Leo unampiga mtu, kesho unamwomba akusaidie. Ni desturi nzuri, nzuri kuliko watu wanaoitumia. Jumatatu asubuhi lori la Verlyn lilipoingia kwenye zizi la Norbert Klaphake, kocha wa Marienfeld, Norbert alikuwa amesimama kando ya tangi la maziwa na jezi nyekundu mkononi.

"Jumamosi unaanza wewe," Norbert alimwambia.

"Naanza nini?"

"Mchezo. Warushaji wangu mikono imekwisha."

"Norbert, miaka yote hii nakuita mwizi."

"Nasikia. Una sauti kubwa. Hebu ijaribu jezi kama inakutosha."

Verlyn aliichukua ile jezi kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya mtegoni. Lakini aliichukua.

Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika kwenye baa ya Gene Wocken, ambako ndiko bunge la Wendel hukaa, na wabunge wake hulewa mapema.

"Ataivaa kweli?" mmoja aliuliza.

"Imeshafuliwa. Mke wangu kaiona kwenye kamba ya Renae."

"Imeanikwa? Mchana kweupe?"

"Angeianika jikoni basi. Kuna watoto mtaani!"

Nikashindwa kunyamaza. "Gene, mtu huyu ameyangoja mashindano haya maisha yake yote. Akikataa ninyi mnapata nini?"

Gene alikuwa anafuta kaunta, mzunguko uleule kwa kitambaa kilekile cha tangu Krismasi. "Tulia, mwanachuo. Kuna mambo hayakufundishwa huko ulikokwenda."

"Kama yapi?"

"Kama aibu."

Baa nzima ikacheka. Kwenye kiti cha kona alikaa Clem Hesch, ambaye miaka ya nyuma aliombwa na Marienfeld hivyohivyo, akakataa kwa ajili ya heshima ya Wendel. Unadhani walimjengea sanamu? Walisema aliogopa wapigaji wa jimboni, na mpaka leo kila aingiaye baani lazima amlilie kama kuku. Ukikubali wewe msaliti, ukikataa wewe kuku. Huo ndio uhuru wa kuchagua tulio nao Wendel, na wanaume wazima wanaulinda kwa fahari kuliko wanavyolinda mapaa ya nyumba zao.

Jioni ya Jumanne tulianza mazoezi nyuma ya gereji ya lori. Kwa upande wa mwili hakikuharibika kitu. Verlyn alijining'iniza kwenye boriti ya zizi mpaka bega likaachia. Aliloweka vidole vyake katika maji ya chumvi na siki yaliyobaki kwenye mtungi wa matango, ili ngozi ikakamae isichubuke. Alikula mkate na nyama ya nguruwe, bila haradali, kama alivyokula kabla ya kila mchezo tangu aoe. Kisha akasimama, akainua mguu, akarusha. Mpira ukaja umenyooka, mnene na mpole, hata bibi yangu angeupiga kwa mwamvuli.

"Haupindi," nilisema.

"Naona."

"Bega?"

"Bega zima. Niambie hawa tunaocheza nao ni akina nani."

Hapo ndipo palikuwa na tatizo. Marienfeld ilipangwa kucheza na Cedar Glen, timu ya vitongoji vya jiji kuu, watu ambao Verlyn hakuwahi kuwaona wala kunywa nao. Nilimweleza nilichokisikia: kwamba vifaa vyao wanavikokota kwenye mabegi ya magurudumu, na miwani ya jua wanavaa hata kukiwa na mawingu.

Akafumba macho, akajaribu. "Mpigaji wa kwanza... mtoto wa mama... ana begi la magurudumu..." Akafumbua. "Basi. Imeishia hapo. Siwezi kumdharau mtu nisiyemjua. Si haki."

Renae alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo. "Tangu lini ukajali haki?"

Nilimshauri aache dharau kabisa, arushe kwa kuupenda mchezo wenyewe, kama alivyoupenda utotoni. Niliamini hivyo, na bado naamini kwamba mtu hapaswi kuhitaji adui ili afanye kazi yake vizuri. Verlyn akanisikiliza kwa heshima, akavuta pumzi, akarusha kwa upendo. Mpira ulipita juu ya kichwa changu ukavunja dirisha la gereji.

Ikawa hivyo hadi Ijumaa. Lori lilipita mazizini kimya, na wafugaji wakaanza kumuuliza Renae kama mumewe anaumwa.

Jumamosi mchana uwanja wa mashindano ulijaa, moshi wa soseji ukitanda mpaka kwenye viti. Mimi na Renae tulikaa karibu na uzio, upande wa Marienfeld, katikati ya watu wenye nyekundu waliotutazama kana kwamba tumeingia na viatu kitandani mwao. Kabla ya mchezo Verlyn alikuja kwenye uzio akiwa ndani ya ile jezi. Ilimbana tumboni. Sura ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Amenisalimia," alisema.

"Nani?"

"Mpigaji wao mkubwa, yule mrefu. Amenipa mkono. Kaniambia baba yake naye aliendesha lori la maziwa, akaniuliza magoti yangu yanaendeleaje." Akatikisa kichwa. "Magoti yangu! Nitamtoa vipi mtoto kama huyo?"

"Mwambie ana pua mbaya," Renae alisema.

"Ana pua nzuri, Renae."

Zamu ya kwanza ilikuwa mateso. Wawili wa mwanzo waliupiga ule mpira mnono bila hata kutoa jasho, na yule mrefu mwenye adabu akaupeleka mbali, wenzake wote wawili wakazunguka na kurudi salama kwenye kibao cha kupigia. Mbio mbili bila jibu. Norbert alisimama ukingoni mwa benchi, mikono kiunoni, na nikajua kwamba akifungwa mbio moja zaidi atamtoa uwanjani. Miaka yote ile, na jimbo lingeishia hapo, kabla soseji hazijapoa.

Ndipo nikasikia vuvuzela.

Gene Wocken alikuwa anashuka ngazi upande wa pili, na nyuma yake bunge lote, wamevaa kijani cha Wendel. Baa ilikuwa imefungwa. Alipokufa ndugu yake Gene, baa ilifunguliwa jioni ileile, leo imefungwa! Walikaa nyuma ya kibao cha kupigia, uso kwa uso na Verlyn, katikati ya mashabiki wa Cedar Glen, na kichwani wamevaa kofia mpya za Cedar Glen. Gene, ambaye hajawahi kumnunulia mtu bia, alikuwa amewanunulia wote kofia za watu wasiowajua.

"Msaliti!" alipiga kelele. "Nyekundu imekupendeza, Verlyn! Na ndoa wamekupa huko?"

"Muulize wanalipa kwa maziwa au kwa jibini!" mwingine akadakia.

Verlyn aliwatazama kwa muda mrefu. Mwamuzi akamwambia aharakishe. Hakuharakisha. Macho yake yalitoka kwa Gene yakahamia kwa aliyefuata, kisha kwa aliyefuata, taratibu, kiti kwa kiti, na midomo yake ikaanza kucheza.

Renae akanishika mkono. "Anasali."

Mpira uliofuata ulitoka mkononi kama usio na habari na mtu. Mpigaji akajikusanya, akavuta gongo kwa nguvu zote. Mpira ukadondoka chini ya magoti yake. Akapiga hewa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akatolewa, akaondoka akilikagua gongo lake kama limetobolewa.

Hivyo ndivyo ilivyoendelea zamu baada ya zamu. Kadiri Gene alivyopaza sauti ndivyo mpira ulivyopinda. Na wale watu wazima, waliomwona Verlyn akirusha kwa ajili yao maisha yake yote, hawakung'amua kitu. Walizidisha matusi. Mmoja akalia kama kuku. Marienfeld wakapata mbio moja, kisha mbili kwa mkupuo, tatu kwa mbili.

Wa mwisho kuja alikuwa yule mrefu mwenye adabu. Akamwinamishia Verlyn kichwa kwa heshima. Verlyn naye akamwinamishia. Kisha akainua macho, akampita kijana yule kabisa, akamkazia Gene Wocken aliyekuwa amesimama juu ya kiti, kofia mpya imemwangukia sikioni. Akarusha mpira wa polepole kuliko yote niliyowahi kumwona akirusha. Kijana alipiga mapema mno, akazunguka, akakaa chini. Na miwili iliyofuata ikawa hivyohivyo, akatolewa, mchezo ukaisha.

Nyekundu yote ikamiminika uwanjani. Norbert alimkumbatia, Verlyn akasimama kama nguzo mpaka alipoachiwa. Gene na wabunge wake walipita getini bila kumtazama mtu, kofia wamezifutika mifukoni.

Nilimkuta Verlyn amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, barafu begani, mkono hauinuki hata kushika soda. Nilitaka kumwambia kwamba ni aibu, kwamba mji wake haukustahili hata tone la jasho lile.

"Jumamosi ijayo tuna mchezo tena," alinitangulia.

"Na mkono huo?"

"Mkono utakuwepo." Akautazama ule upande wa viti vilivyobaki vitupu. "Mwanachuo, nenda baani kwa Gene. Waambie nimesema hawathubutu kurudi. Kisha hakikisha wanakuja wote, na wanakaa palepale nyuma ya kibao, ninakoweza kuwaona."