Mpichi Uliovishwa Khanga

Aliyenipa habari alianza kwa kuniuliza kama nimekaa. Nilikuwa nimesimama kituo cha treni cha Silver Spring, huku Maryland, Marekani, na mfuko wa unga mkononi, sikuwa na pa kukaa. Basi akasema tu: yule mama wa Bowie, mwenye ule mpichi, hatunaye. Treni ikaja, ikaondoka, nami nimebaki palepale. Wengi wenu mnaonisoma hapa hamkumjua, maana hakuwa mwenyekiti wa chochote wala hakuimba kwaya. Alikuwa mjane aliyestaafu kazi ya ofisi ya serikali. Watoto walikua wakahamia majimbo ya mbali, akabaki na nyumba ya vyumba vingi na mti mmoja wa pichi uani.

Mti huo aliupanda mwenyewe. Machi ikielekea kwisha, kabla hata majani hayajatoka, ulijaa maua ya rangi ya waridi, na mama wa watu hatulii. Alilelewa kwenye mibuni ya Kilimanjaro, akaniambia kwao kahawa ikichanua harufu huingia mpaka jikoni, na anayepita njiani lazima asimame aseme neno. Bowie njiani hapiti mtu, yanapita magari. Kwa hiyo vitumba vikifunguka tu, alishika simu akaanza kutualika. Lo! Mngesikia majibu yetu. "Kuna nini, mama? Bathdei?" Hapana. "Ubatizo?" Hapana. "Kuna maua." Kijana mmoja wa Nairobi alicheka mpaka akapaliwa: "Mathe, maua? Si hayo ni ya harusi na matanga?" Huyu ana shifti, yule hana ofu, mwingine atacheki wikendi. Na wikendi hiyohiyo ungewakuta mjini Washington na kamera zao, wakipiga picha maua ya miti ya serikali.

Mwaka mmoja akabadili mbinu, akatangaza pilau. Weee, tulijaa! Tulikula, tukasifu, tukarudia. Mama akafungua mlango wa kioo wa kwendea bustanini, akasimama pale. "Jamani, karibuni nje." Sauti ikatoka kwenye kochi: "Funga mlango, mama, baridi inaingia." Akaufunga. Nilimwona akipangusa kioo kwa ncha ya khanga, na kioo kilikuwa safi. Roho iliniuma, nikachukua koti langu nikatoka naye. Kumbe alishaweka viti viwili vya plastiki chini ya mti. Hatukuzungumza mambo makubwa, alinionyesha nyuki.

Tangu hapo nikawa naenda kila maua yakitoka. Alasiri moja redio ilitangaza baridi ya kugandisha, ile inayounguza maua usiku mmoja, nikamkuta juu ya stuli akiuvisha mpichi khanga. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Usisimame kama mgeni, shika pindo hilo!" Tulifunga khanga, tukafunga na mashuka. Jirani yake Mmarekani akachungulia juu ya uzio, akauliza kwa upole kama mashine ya mama ya kukaushia nguo imeharibika. Mama alicheka mpaka nikaishika stuli. Asubuhi akanipigia simu: "Baba, yamepona! Njoo uyaone."

Sisi wa huku tumezoea kukutana kwa sababu maalumu. Bila sababu hatuendi kwa mtu, na akituita bila sababu tunadhani anaficha shida. Shida ya mama huyu haikufichika hata kidogo: alitaka mtu wa kuangalia naye. Maua ya mpichi hayakai, na kuyaangalia peke yako mwaka baada ya mwaka kunachosha. Najua, kwa kuwa na mimi naishi peke yangu Adelphi, ghorofani, na dirisha langu linatazama maegesho ya magari.

Msiba uliwekwa nyumbani kwake. Magari yaliziba mtaa. Hakuna aliyekuwa na shifti. Nyumba haikututosha, tukamwagikia bustanini, na mpichi ulikuwa umechanua wote. Watu wakasimama, wakatazama juu. "Kumbe ndiyo haya," akasema yule kijana wa Nairobi, safari hii bila kucheka. Jioni zikaja habari za baridi ya kugandisha, nami nikaenda kuleta stuli. Mwanamke mmoja akafungua khanga kiunoni akanipa, halafu mwingine, halafu mwingine. Binti wa marehemu, ambaye siku zote husikia Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, alishika pindo bila kuambiwa.

Asubuhi binti huyo akanipigia. "Anko, yamepona. Njoo uyaone." Nikaenda. Magari yalishaondoka yote, mtaa kimya. Tulikaa kwenye vile viti viwili, nikamwonyesha nyuki, akalia, nami nikalia.

Msomaji wangu, mtu akikupigia simu akakwambia kuna maua, usimuulize kuna nini kingine. Vaa koti, uende.