Mwasumini wa Chumba cha Boila

Wanawake wa pasi walimwita Baba Maua, na kila wakimwita walicheka, maana mwenyewe alikuwa pande la mtu, mikono imejaa makovu ya mabomba ya moto, sauti nene ya kutisha watoto. Kazi yake ilikuwa kuwasha na kulinda boila, lile tangi la kuchemshia maji na mvuke, katika kiwanda cha kufulia nguo, kile kilichofua mashuka ya hoteli zote za mjini. Mtu wa namna hiyo kubembeleza maua, jamani! Lakini ndivyo alivyokuwa, na asiyeamini angefika kwake akaone dirisha. Makopo ya rangi, madumu yaliyokatwa vichwa, sufuria iliyotoboka, kila kimoja na mmea wa nchi ya joto umejikunyata ndani yake.

Mji wenyewe ulikuwa wa baridi, tena baridi ya kukera. Yeye na mkewe walitoka bondeni kwenye joto wakaufuata mshahara huko juu milimani, kwa sababu bondeni alishakaa bila kazi mpaka akaanza kujiona mzigo. Watoto walisomea hukohuko, wakakua, wakaenda zao. Na kila msimu wa baridi ulipoingia, sakitu ililala usiku juu ya majani, ule umande ulioganda ukawa barafu, na asubuhi mimea ya Baba Maua ilikuwa imebabuka yote. Aling'oa, akapanda mingine. Ukimwuliza kwa nini hachoki, alichukua kopo jingine akaanza kulijaza udongo.

Jibu alikuwa nalo, ila halisemeki mbele za watu. Mkewe alikuwa mgonjwa wa kifua, naye alitaka mimea hiyo imfanye ajione yuko kwao, asije akaondoka. Baridi ya kila mwaka ilikuja na kikohozi, na kikohozi cha mwaka huu kilikaa kuliko cha mwaka jana. Binti yao, aliyeolewa kule bondeni, alipiga simu kila Jumapili na mdomo wake usio na breki: "Mama, njoo ukae kwangu kwenye jua. Huko unangoja nini, tuje kukuchukua umelala?" Na mama mtu kila Jumapili alisema ataangalia.

Jumapili moja aliiweka simu mezani, akautazama mwasumini ndani ya ndoo kando ya jiko, mmea pekee ambao sakitu haikuwahi kuufikia. Huo aliuleta mwenyewe kutoka kwao, kijiti kimoja amekizungushia kitambaa kibichi, na tangu uoteshwe haujawahi kutoa hata ua moja.

"Baba watoto," alisema, "tupatane. Huu ukichanua kabla baridi haijaisha, siendi popote. Kama ua linaiweza baridi hii, na mimi nitaiweza. Usipochanua, naenda kwa mwanangu."

"Unatania."

"Natania nini? Nimechoka, mume wangu."

Alisema huku anacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Baba Maua hakucheka. Tangu siku hiyo mimea mingine yote ilikuwa ya kupita tu machoni mwake.

Basi sakitu ilipokaribia, aliubeba mwasumini na ndoo yake begani, akapita nao getini mlinzi akimshangaa, akauweka ndani ya chumba cha boila, chini ya dirisha dogo linalopata jua. Pale palikuwa na joto mchana na usiku. Akawaita wanawake wa pasi wote, na bosi wao, Mama Pasi, mwanamke asiyeshindwa na maneno.

"Nisikilizeni. Huu mmea, baridi ikiingia, unasinzia. Ukisinzia hauli, haunywi. Maji nitaupa mimi, kidogo, mpaka udongo ukauke nikiutia kidole. Mtu asiuguse."

"Haya, tumesikia," Mama Pasi akasema. "Ametuletea mke mwenza. Na huyu naye tumpigie pasi?"

Walicheka mpaka mashuka yakaungua. Lakini siri haikai penye wanawake kumi na redio mbovu. Mkewe Baba Maua alikuwa akimletea chakula cha mchana kila siku, anapumzika kwenye benchi kabla ya kurudi, na hapo benchini alimweleza Mama Pasi mapatano yao. Kufikia jioni kiwanda kizima kilijua kwamba mwasumini usipochanua, mama wa watu anaondoka.

Tena ukatoa matumba! Manne, madogo kama punje za mchele, ncha nyeupe. Baba Maua aliyaona asubuhi akaketi chini kwenye sakafu, akayahesabu mara mbili. Mkewe alipoleta chakula, alimshika mkono akampeleka kuona. Mama huyo aliyatazama, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema vumbi la hapa limezidi.

Halafu jani moja likawa njano. Si ajabu, mmea unaosinzia huacha majani, na Baba Maua alijua. Akazidi kuunyima maji. Likafuata la pili, na la tatu. Akatia kidole kwenye udongo akaukuta umelowa. Mbona yeye hajamwagilia?

Sasa hapa ndipo akili ya fundi ilipompoteza. Mtu wa boila akiona maji yasiyo na mwenyewe, anafikiri jambo moja tu: bomba linavuja. Alipanda ngazi, akapapasa kila kiungo juu ya ndoo, akakaza vali, akazungushia uzi wa kuzibia. Hakuona tone. Akausogeza mwasumini upande wa pili, kesho yake udongo ni tope. Akafikiri ni mvuke unaoganda darini na kudondoka, akatundika turubai juu. Tope. Aliyatukana yale mabomba matusi ya nguoni, mabomba aliyoyalinda ujana wake wote.

Matumba yalianguka siku moja, yote manne. Aliyakuta juu ya udongo yamekuwa kahawia. Aliuvuta mmea taratibu, ukatoka bila ubishi wowote, na mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka kama shuka lililosahauliwa kwenye maji. Akatoka nao mkononi hadi kwenye meza za pasi.

"Nani?" aliuliza. Hakupaza sauti.

Pasi zote zikasimama. Mama Pasi, mwenye jibu kwa kila kitu, alikuwa anatazama kucha zake.

"Ulikuwa unanyauka, Baba Maua. Nikaona wewe una mambo mengi. Kikombe kimoja tu, tena maji ya uvuguvugu, nisiushtue."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi."

"Mimi niliupa mchana," alisema mwingine. "Sikujua kama yeye naye..."

"Na mimi nikiondoka," alisema wa tatu. Wakaendelea hivyo meza hadi meza, na kila mmoja alikuwa na kikombe chake. Yule mdogo kuliko wote akaanza kulia. Baba Maua alitaka kuwatukana wote na mama zao. Angemtukana nani? Walimpenda mkewe, basi.

Alirudi nyumbani na maneno ameyapanga. Mkewe alikuwa kitandani, mablanketi mawili, birika la chai pembeni.

"Mwasumini umekufa," alisema. "Wameumwagilia mpaka umeoza. Wale wanawake, kila mtu kwa siri yake."

Mkewe hakushangaa. Alilivuta blanketi hadi kidevuni.

"Na mimi," alisema.

"Na wewe nini?"

"Ukienda kuangalia pampu, nilikuwa naumwagia yale maji ya kunywa niliyokuletea. Nilikuwa nauombea, baba watoto. Nauambia ufanye haraka." Akakohoa, kikohozi kikamkunja, kikamwacha anahema. "Sikutaka kwenda. Ulidhani nataka kwenda?"

Baba Maua aliketi ukingoni mwa kitanda. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa pale. Angesema ua ni ua tu, yale mapatano yalikuwa mzaha wa Jumapili, baki mke wangu. Alimwona anavyolingoja. Angelisema tu, huyu angetupa blanketi na kuamka kumpikia. Lakini alikuwa amekisikia kifua kile tangu mlangoni, na alijua mwaka ujao kitakuwaje, na yeye bondeni hana kazi wala umri wa kuitafuta.

"Nenda," alisema.

"Umesemaje?"

"Nenda kwa binti yako, mama watoto. Kesho nitakukatia tiketi."

Mkewe alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Aligeukia ukutani, na Baba Maua akainuka, akapanda juu ya stuli, akalishusha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kuikunja khanga ya kwanza.